Jicho la Kushoto la Fundi Twalibu

Twalibu Mikidadi ni fundi seremala. Karakana yake iko Kihonda, nyuma ya nyumba anayoishi na mke wake Mwanvita na binti yao Shadia. Anatengeneza vitanda, madirisha na milango. Watu wanamwamini, kwa sababu mlango wake haukwami hata masika.

Kila asubuhi huanza kazi kwa namna moja. Huokota ubao, huuinua ncha moja hadi usoni, hufumba jicho la kushoto, kisha hutazama kwa jicho la kulia kama ubao umenyooka. Amefanya hivyo kwa miaka ishirini na sita.

Mwaka jana mambo madogo yalianza kumtokea. Alipiga kikombe cha chai kilichokuwa upande wake wa kushoto, kikaanguka. Aligonga bega kwenye fremu ya mlango alioutengeneza yeye mwenyewe. Siku moja alitumbukiza mguu ndani ya beseni la Mwanvita la unga wa maandazi.

"Hukuliona?" Mwanvita aliuliza.

"Umeliweka njiani."

"Linakaa hapo kila siku, Baba Shadia."

"Basi nimezeeka."

Alikuwa na miaka hamsini na moja. Macho yake hayakuuma. Hayakuwasha wala hayakuwa mekundu. Kwa hiyo hakuna aliyefikiria macho.

Mwezi wa kumi, mwanamke mmoja alikuja karakana. Aliitwa Hosiana. Alikuwa mwalimu wa fizikia aliyestaafu, na sasa alikuwa mwanachama wa chama cha watazamaji nyota. Chama hicho kilikuwa na kituo kidogo juu ya Bigwa, kwenye mteremko wa milima ya Uluguru, mahali ambapo taa za mji ni chache.

"Fundi, nataka ngazi ya vidato vitatu," Hosiana alisema. "Iwe pana na isitikisike. Watoto hawaifikii darubini."

"Darubini ya nini?"

"Ya kutazamia mwezi na nyota. Jumamosi moja kila mwezi tunafungua kituo kwa watu wote. Hakuna kiingilio."

"Sasa nyinyi mnapata nini?"

"Tunaona," Hosiana alisema. "Ukileta ngazi, njoo na mama na mtoto. Njooni saa moja na nusu, giza likishaingia."

Jumamosi ya mwezi ule ilipofika, Twalibu alikodi bajaji. Ngazi ilifungwa juu, familia ikakaa ndani. Walipofika, walikuta chumba cha matofali chenye paa la mabati. Paa lilikuwa na magurudumu, na magurudumu yalikaa juu ya reli mbili. Vijana wawili walilisukuma paa zima pembeni, na chumba kikabaki wazi juu. Twalibu aliinama kuyachunguza magurudumu kabla hajatazama mbinguni.

"Kazi nzuri," alisema. "Lakini hili moja linasaga."

Watu kama thelathini walikuwa wamekuja. Walikuwamo wanafunzi, akina mama wenye watoto, na madereva wa bodaboda waliowaleta abiria wakaamua kubaki. Hosiana alisimama mbele yao akiwa na taa ndogo nyekundu.

"Karibuni. Zimeni tochi za simu," alisema. "Macho yanahitaji kuzoea giza. Taa nyekundu haiyasumbui sana, taa nyeupe inayarudisha nyuma. Leo tuna darubini mbili. Ya ndani inatazama mwezi. Ya nje inatazama sayari inayoitwa Zohali. Pangeni foleni, mjue kwamba hakuna atakayekosa."

Watoto walitangulia, wakipanda ngazi mpya. Haikutikisika. Zamu ya Twalibu ilipofika, aliinama, akafumba jicho la kushoto kama anavyofanya kwa ubao, akaweka la kulia kwenye kioo.

"Subhanallah," alisema.

Mwezi ulikuwa na miinuko na vivuli. Ulikuwa na mashimo mengi, mengine ndani ya mengine.

"Umeliwa na dumuzi kama ubao wa zamani," alisema.

Watu walicheka. Hosiana naye alicheka. "Ni mashimo ya mawe yaliyoanguka kutoka angani, fundi. Ni ya miaka mingi sana. Kule hakuna mvua wala upepo wa kuyafuta."

Wakatoka nje, kwenye darubini ya pili. Hapo Hosiana alimwambia kila mtu neno moja: "Jicho ulilotazamia mwezi limejaa mwanga. Kwa muda mfupi halitaona vizuri kitu hafifu. Hapa tumia jicho la pili."

Shadia alitazama, akapiga kelele ya furaha. Mwanvita alitazama, akasema, "Ina pete kweli."

Twalibu aliinama. Safari hii alifumba jicho la kulia, akaweka la kushoto.

"Hamna kitu humu," alisema.

"Pengine imesogea," Hosiana alisema. "Dunia inazunguka, kwa hiyo nyota hutoka kwenye kioo." Alitazama mwenyewe. "Ipo katikati kabisa. Jaribu tena."

Twalibu alijaribu. "Giza tupu."

"Mzee, fumbua jicho!" kijana mmoja alisema kutoka nyuma ya foleni. Watu wakacheka.

"Mnanifanyia mchezo," Twalibu alisema.

"Baba, mbona mimi nimeiona?" Shadia aliuliza.

Hosiana hakucheka. Alisogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, sasa tumia la kulia."

Twalibu alibadilisha jicho. Sayari ilikuwapo. Ilikuwa ndogo, ya manjano, na pete yake ilikuwa safi kama kitu kilichochongwa kwenye mashine. Aliitazama. Kisha akarudisha jicho la kushoto, na sayari ikapotea. La kulia, ikarudi. La kushoto, ikapotea. Alifanya hivyo mara tatu. Halafu alinyooka, akampisha aliyekuwa nyuma yake.

Hosiana aliiacha darubini kwa mwenzake, akamfuata Twalibu karibu na ukuta. Mwanvita naye alikuja.

"Ni vumbi la mbao," Twalibu alisema kabla hajaulizwa.

"Mimi si daktari," Hosiana alisema. "Ninachojua ni darubini. Darubini hutazamwa kwa jicho moja moja. Ukiwa unatembea au unafanya kazi, macho yote mawili yako wazi, na jicho zima hulifichia jicho bovu kasoro yake. Mtu anaweza kukaa miaka bila kujua. Mwaka juzi mama mmoja alishtuka hapa hapa kama wewe. Alipopimwa, alikutwa na mtoto wa jicho. Alifanyiwa upasuaji, sasa anaona. Wewe sijui una nini. Nenda kliniki ya macho hospitalini. Na usinunue dawa dukani kabla hujapimwa."

"Nimesikia, mwalimu."

Lakini kusikia si kutii. Kesho yake Twalibu alipita duka la dawa karibu na stendi, akanunua chupa ya matone. Rafiki yake alikuwa ametumia dawa kama hiyo macho yalipomwasha. Jioni alikaa kitandani akitaka kuifungua. Mwanvita aliiona.

"Hiyo ni dawa ya ugonjwa gani?" aliuliza.

"Ya macho."

"Nimeuliza ugonjwa gani."

Twalibu alishika kifuniko. Mwanvita alichukua ncha ya khanga yake, akalifunika jicho la kulia la mumewe. Akainua mkono.

"Vidole vingapi?"

"Toa basi mkono nihesabu."

"Mkono uko mbele ya uso wako, Baba Shadia."

Mwanvita aliondoa khanga, akaichukua ile chupa, akaifunga ndani ya pindo. Jumatatu asubuhi karakana haikufunguliwa. Walikwenda hospitali.

Mtaalamu wa macho aliyewapokea aliitwa Agustino. Alikuwa mtu wa maneno machache na hakuwa na haraka. Alimsomesha Twalibu herufi ukutani, jicho moja kwa wakati. Alipima presha ya kila jicho kwa kifaa. Alimpa kipimo cha kubonyeza kitufe kila aonapo nukta ya mwanga. Kisha alimtia matone ya kupanua mboni, wakasubiri, akamulika ndani. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima. Mwishoni Mwanvita alimpa ile chupa ya dukani na kumweleza habari zake. Agustino aliisoma, akaiweka kando.

"Mama amefanya vizuri kukuzuia," alisema. "Hii inaweza kuongeza tatizo lako. Una glakoma. Wengine huita presha ya macho."

"Mimi sina presha," Twalibu alisema. "Nilipimwa mkononi."

"Hiyo ni presha ya damu. Hii ni nyingine. Ndani ya jicho kuna maji yanayoingia na kutoka. Yakitoka kwa shida, yanabana. Nyuma ya jicho kuna mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Maji yakibana kwa muda mrefu, mshipa ule hufa kidogo kidogo. Mara nyingi mtu haumwi. Huanza kupoteza kuona pembeni, na hajui."

"Beseni," Mwanvita alisema.

"Ninyi mnajua zaidi yaliyotokea nyumbani," Agustino alisema.

"Sasa jicho hili litapona lini?" Twalibu aliuliza.

Agustino aliweka kalamu chini. "Halitapona. Mshipa ukishakufa haurudi, hata kwa upasuaji. Siwezi kukudanganya. Lakini jicho la kulia limeanza tu kuathirika, na hilo tunaweza kulilinda. Utatia tone moja kila jicho, kila jioni, maisha yako yote. Utarudi hapa tukupime. Watu wengi huacha dawa wakiona wako salama. Usiache. Dawa hii hairudishi kilichopotea, inazuia kisipotee kingine."

Twalibu alitazama mikono yake. "Na msumeno wa umeme?"

"Huo upange upya. Mbao zije kutoka upande unaoona. Na uvae miwani ya kukinga macho, kwa sababu jicho la akiba huna tena." Alichukua kalamu. "Ugonjwa huu hutembea katika familia. Kuna ndugu yeyote aliyepofuka?"

"Baba yangu. Lakini yeye alirogwa."

Agustino aliandika *baba*. "Nani mwingine?"

Njia nzima ya kurudi Kihonda Twalibu alimwaza baba yake. Baba yake, Mzee Mikidadi, aliishi Mgeta, milimani, na alikuwa kipofu kwa miaka kumi na mbili. Kijiji kizima kilijua sababu. Mzee aligombana na jirani yake, Kondo, juu ya mpaka wa shamba la njegere. Mwaka uliofuata macho yakaanza kufifia. Watu waliacha kumsalimu Kondo. Hawakuenda kwenye misiba ya nyumbani kwake, naye hakuitwa kwenye yao. Mwishowe alifunga mizigo, akashuka na mkewe kwenda kuishi Kisaki, mbali kule kwenye reli. Twalibu mwenyewe aliwahi kumpita njiani bila shikamoo.

"Kama ni ugonjwa," alimwambia Mwanvita usiku ule, "basi yule mzee tulimfukuza bure."

"Na Hafidhi je?" Mwanvita alisema. "Yeye naye ni mtoto wa baba yule yule."

Hafidhi alikuwa mdogo wake. Alilima mboga Mgeta na kuishi na baba yao. Siku ya Ijumaa Twalibu alipanda lori tupu lililokuwa likienda kupakia karoti, akashuka barabarani, akapanda kwa miguu njia nyembamba kati ya matuta ya kabichi. Alitembea upande wa ndani wa njia. Upande wa kushoto kulikuwa na bonde.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Twalibu. Unahema."

Alieleza kila kitu polepole kama alivyoelezwa na Agustino. Hafidhi alisikiliza akiwa ameshika jembe. Mzee Mikidadi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Mganga aliniambia ni Kondo," mzee alisema.

"Mganga alikupima nini, baba?"

"Hakunipima." Mzee alifikiri. "Aliniuliza nimegombana na nani."

"Ukamjibu?"

"Nikamtaja Kondo."

Jiko la nje lilikuwa likitoa moshi. Hafidhi aliweka jembe chini.

"Mimi naona vizuri," Hafidhi alisema.

"Hata mimi nilikuwa naona vizuri," Twalibu alisema. "Funga jicho moja, halafu la pili. Na hata ukiona sawa, twende ukapimwe. Ugonjwa huu ukianza haujionyeshi."

Wiki iliyofuata Hafidhi alipimwa. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Presha ilikuwa juu katika macho yote mawili, lakini mishipa bado ilikuwa mizima karibu yote. Agustino alisema hii ndiyo hali anayopenda kuwakuta nayo watu, lakini ni nadra kuwakuta mapema hivyo. Hafidhi alirudi Mgeta na chupa yake ya matone. Mzee Mikidadi alikuwa akimwuliza kila jioni baada ya Magharibi kama ameshatia.

Mzee mwenyewe alipimwa pia. Hapakuwa na la kufanya. Alikubali jibu hilo bila maswali. Swali lake lilikuwa jingine.

"Kisaki kuna basi?" aliuliza.

Walikwenda watatu: mzee na wanawe wawili. Walimkuta Kondo nyuma ya nyumba ndogo ya matofali ya udongo, akipepeta ufuta. Alikuwa amekonda. Alipowaona hakusimama.

"Shikamoo, Mzee Kondo," Twalibu alisema.

"Marahaba."

Mzee Mikidadi alisogea mbele, akipapasa kwa fimbo. "Kondo, ni mimi. Nilikutaja kwa uongo. Sikujua ni uongo, lakini nilikutaja. Ni ugonjwa. Wanangu nao wanao."

Kondo aliendelea kupepeta mpaka ufuta ukawa safi.

"Mke wangu amezikwa huku," alisema. "Alitaka kuzikwa kwao, Mgeta. Nilipiga simu, hakuna aliyekuja kuchukua mwili."

Mzee Mikidadi aliweka fimbo chini.

"Unaniambia mimi kwamba sikukuroga," Kondo alisema. "Mimi nilijua. Kawaambie wa kule."

Aliwapa maji ya kunywa na akawaletea kigoda kimoja kwa ajili ya kipofu. Walirudi na basi la kesho yake.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, Mzee Mikidadi aliomba nafasi msikitini Mgeta. Hafidhi alimshika mkono akasimama.

"Kondo hakuniroga," mzee alisema. "Nilikuwa mgonjwa, na sikupimwa. Kama ningepimwa mapema, pengine ningewaona hapo mlipo. Nilimtaja mtu, nanyi mkanisaidia kumfukuza. Mimi nimekwenda kumwomba radhi. Ninyi mna miguu na macho."

Watu walivaa viatu wakaenda zao. Lakini jioni wawili walikuja kumwuliza Hafidhi njia ya kwenda kliniki. Kesho yake walikuja watano. Mganga mfawidhi wa zahanati ya kijiji aliandika majina, akaomba timu ya macho ipande mlimani. Ilipanda mwezi wa pili. Watu zaidi ya hamsini walipimwa. Baadhi walihitaji miwani tu. Kadhaa walikutwa na mtoto wa jicho, wakapangiwa upasuaji. Wanne walikutwa na glakoma, na mmoja wao alikuwa ndiye aliyecheka zaidi alipoambiwa afunge jicho moja.

Kule Bigwa nako kulibadilika kitu. Hosiana aliposikia habari za Twalibu, alizungumza na wenzake. Sasa kila Jumamosi ya kutazama nyota, wageni huambiwa watazame kwa jicho la kulia kisha la kushoto. Anayeona tofauti haambiwi ana ugonjwa gani. Huambiwa akapimwe. Agustino huja akipata nafasi, huketi karibu na ukuta na karatasi za kliniki, na baadaye hupanga foleni kama wengine.

Twalibu bado anafanya kazi. Meza ya msumeno ameigeuza. Kikombe chake hukaa kulia. Kila jioni hutia matone, na kwenye ukuta wa chumba huweka alama ya penseli, kama anavyohesabu mbao.

Kondo hakurudi kuishi Mgeta. Lakini mwezi wa sita dada yake alifariki huko, na simu ikapigwa Kisaki. Alifika alasiri, amechoka, na begi begani. Watu waliokuwa wamekaa nje walisimama. Vijana wawili walishuka njiani kumpokea mzigo. Salamu zilipita kutoka mtu hadi mtu.

Mzee Mikidadi alikuwa kwenye mkeka pamoja na wazee wengine. Aliisikia sauti ya Kondo ikijibu salamu. Alikusanya miguu yake, akasogea pembeni, akapapasa mkeka kuhakikisha nafasi inatosha mtu mmoja. Kondo alisimama kidogo akiitazama nafasi ile. Kisha alivua viatu, akakaa.